Wanachuo wa Kampala, wa Ufilipino na wa Port Vila: Mazingira kwa Macho Yao

Mnamo Septemba 2022, Bunge la Ulaya lilipitisha azimio lililoukosoa vikali mradi wa bomba la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, lile linalotoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, umbali wa kilometa 1,443. Katika majuma yale yale, makundi mawili ya wanachuo yalielekea ofisi za Umoja wa Ulaya mjini Kampala. Moja lilikwenda kulalamika: Ulaya iliyojijenga kwa makaa ya mawe na mafuta inapata wapi ubavu wa kuizuia Uganda isichimbe yake? Jingine liliondoka tarehe 4 Oktoba kwenda kuliunga mkono azimio hilo hilo. Polisi waliwakamata vijana tisa, wakafikishwa mahakamani kwa shtaka la kuleta kero kwa umma, kisha wakapelekwa rumande.

Ukimuuliza kijana wa kundi lolote kati ya hayo mawili kama mazingira yatunzwe, atajibu ndiyo bila kusita. Atakapotofautiana na mwenzake ni kwenye gharama: nani alipe, alipe lini, na akose nini. Hapo ndipo ulipo ugumu wa swali ambalo watafiti wamekuwa wakiliuliza kwa karibu miaka hamsini. Wanafunzi wa vyuo vikuu wanauchukuliaje uendelevu, yaani kuishi leo bila kuwaharibia watakaokuja kesho? Na kwa nini majibu yao hubadilika ukivuka mpaka?

Wanachuo huulizwa mara nyingi kuliko watu wengine kwa sababu moja rahisi: wako karibu. Mhadhiri mwenye darasa la watu mia mbili akigawa hojaji saa nne, saa tano ana data mkononi. Lakini ipo sababu nzito zaidi. Anayekaa leo kwenye ukumbi wa mihadhara, baada ya miaka kumi na tano ndiye mhandisi anayechagua mtambo wa kufua umeme, ndiye afisa mipango anayeidhinisha ujenzi bondeni, ndiye mwanasheria anayeandika mkataba wa mgodi. Anachokiamini akiwa na miaka 22 kina uzito.

Hojaji mojawapo iliyotumika sana duniani kwa kazi hii ilitungwa mwaka 1978 na wanasosholojia wawili wa Marekani, Riley Dunlap na Kent Van Liere. Mwaka 2000 Dunlap na wenzake waliifanyia marekebisho, na tangu hapo ina sentensi 15. Anayejaza huulizwa anakubaliana kwa kiasi gani na hoja kama hizi: kwamba dunia inakaribia kikomo cha idadi ya watu inaoweza kuwabeba, kwamba uwiano wa maumbile ni dhaifu na huvurugika upesi, kwamba binadamu amewekwa atawale viumbe vingine. Majibu hujumlishwa, na mtu hupata alama yake. Aliye na alama nyingi huhesabiwa kuwa ana mtazamo wa kuyajali mazingira.

Sasa mpe karatasi hiyo mwanafunzi Mwislamu wa Zanzibar au Mkristo wa Mbeya, mtu wa dini kwelikweli. Akifika kwenye sentensi ya binadamu kuvitawala viumbe ataikubali, maana ndivyo alivyofundishwa madrasa au kanisani tangu utotoni. Kwa hesabu ya hojaji, hapo amepoteza alama. Lakini yeye anaposema binadamu amepewa mamlaka anamaanisha amepewa amana, na mwenye amana ataulizwa. Fikra hiyo si ya kinadharia tu. Kwenye kisiwa cha Misali, magharibi mwa Pemba, mwishoni mwa miaka ya 1990, juhudi za kuzuia uvuvi wa baruti na nyavu haribifu zilifungamanishwa na mafundisho ya Kurani kuhusu binadamu kuwa khalifa wa Mungu duniani, na wavuvi waliozipa kisogo kanuni za serikali wakasikiliza. Mwaka 2015 peke yake, Papa Fransisko alitoa waraka wake juu ya utunzaji wa dunia, na wanazuoni wa Kiislamu waliokutana Istanbul wakatoa tamko lao kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Hojaji inayomwona muumini kama mpinzani wa mazingira kwa sababu ya sentensi moja inakosea mtu, na inakosea mamilioni ya watu wa aina yake.

Mwanasaikolojia Wesley Schultz wa California aliligeuza swali. Badala ya kupima mtu anajali kiasi gani, aliuliza anajali kwa ajili ya nani. Wengine hujali kwa ajili yao wenyewe: afya yangu, maji ninayokunywa, maisha yangu ya baadaye. Wengine hujali kwa ajili ya watu: watoto, jirani, vizazi. Wengine hujali kwa ajili ya viumbe vyenyewe, mti na nyangumi na ndege, hata kama hakuna binadamu anayefaidika. Mwaka 1999, akishirikiana na Lynnette Zelezny, alichapisha uchambuzi wa majibu ya wanachuo wa nchi 14. Jambo lililojirudia lilikuwa hili: wanaothamini usawa na ustawi wa wengine huyajali mazingira zaidi ya wanaothamini madaraka na mali, na hali hiyo haikuwa ya taifa moja. Miaka michache baadaye, Taciano Milfont na wenzake walilinganisha watu wa New Zealand wenye asili ya Ulaya na wale wenye asili ya Asia. Wa kwanza waliegemea zaidi kwenye viumbe, wa pili zaidi kwenye nafsi na afya zao. Nchi ni moja, sheria ni moja, pengine hata madarasa ni yale yale.

Ni rahisi kusoma matokeo kama hayo na kuamua kwamba anayejali nyangumi ni bora kuliko anayejali mapafu yake. Haraka hiyo haifai. Kijana wa Delhi anayefunika pua kila Novemba kwa sababu ya moshi hana haja ya kumpenda ndege yeyote ili adai hewa safi, na dai lake lina nguvu kwa sababu anakohoa.

Hofu nayo haigawanywi sawa. Mwaka 2021, Caroline Hickman na wenzake walichapisha utafiti uliowahoji vijana 10,000 wa umri wa miaka 16 hadi 25 katika nchi kumi. Afrika iliwakilishwa na Nigeria peke yake. Asilimia 59 ya vijana wote walisema wana wasiwasi mkubwa au mkubwa mno kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Ukizigawanya nchi, picha hubadilika: Ufilipino ilifika asilimia 84, Marekani na Finland zilibaki chini ya nusu. Walipoulizwa kama hisia hizo zinavuruga maisha yao ya kila siku, kula, kulala, kusoma, vijana wa Ufilipino, India na Nigeria walijibu ndiyo kwa wingi uliozidi mara mbili ule wa vijana wa Marekani na Uingereza.

Takwimu hizo zina mantiki ukikumbuka nani amelowa. Novemba 2013 kimbunga Haiyan, ambacho Wafilipino wanakiita Yolanda, kiliua watu zaidi ya 6,000, wengi wao katika jiji la Tacloban na maeneo ya jirani. Mwanafunzi wa Kifilipino aliyejaza hojaji ile mwaka 2021 alikuwa mtoto wa shule wakati ule. Kwake tabianchi ni paa lililong'oka, ni shule iliyogeuzwa kambi ya waliokosa makazi. Kwa mwenzake wa Helsinki ni somo, ni habari, ni jambo la dhamiri. Wote wawili wanaweza kuandamana siku moja wakiwa na mabango yanayofanana, lakini kinachowatoa nyumbani hakifanani.

Je, anayejali hutenda? Hapa ndipo utamaduni unapoonekana wazi kuliko popote. Mwaka 2016 Kimin Eom na watafiti wenzake walilinganisha Wamarekani wenye asili ya Ulaya na Wajapani. Kwa Wamarekani, mtu aliyeyajali mazingira zaidi ndiye aliyechagua zaidi bidhaa zisizoharibu mazingira. Imani ya moyoni ilikwenda na mkono. Kwa Wajapani uhusiano huo haukuonekana. Kilichoeleza uchaguzi wao ni kile walichoamini kwamba watu wengine wanafanya. Mjapani anaweza kuwa hana shauku yoyote ya pekee kuhusu mazingira, na bado akatenganisha takataka zake kwa uangalifu mkubwa, za kuungua siku yake, chupa siku yake, kwa sababu ndivyo mtaa mzima unavyofanya na aibu ya kukosea ni kubwa. Tangu shule ya msingi ameshika ufagio na kitambaa, akasafisha darasa lake mwenyewe pamoja na wenzake.

Kwa jamii zetu za Afrika Mashariki, ambako mtu huishi akitazamwa na jirani, tokeo hilo lina somo kubwa kuliko hotuba nyingi za siku ya mazingira. Kampeni zinazomlenga mwanafunzi mmoja mmoja, abadilike moyoni, afanye uamuzi wake, zimetungwa kwa ajili ya aina fulani ya jamii. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, Tanzania Bara mwaka 2019, na Zanzibar ilikuwa imeanza mapema zaidi, mwaka 2006. Haikusubiriwa kila mtu aamini. Sheria ilibadilisha kilicho cha kawaida, na kilicho cha kawaida kikabadilisha mikono. Leo mwanachuo wa Dodoma anakwenda sokoni na mfuko wake wa kitambaa bila kujiona mwanaharakati.

Ingia sasa kwenye chumba cha hosteli cha chuo kikuu chochote cha umma Tanzania. Vitanda vya ghorofa, kamba ya nguo imekatiza kutoka dirishani hadi kwenye msumari wa kabati. Orodha ya mlangoni inataja wanne, wanaolala humo ni sita au zaidi, kwa sababu waliokosa nafasi wamepokewa na marafiki. Wenyewe wanaita kubebana. Chini ya vitanda yamepangwa madumu ya lita 20, kwani maji hutoka leo na kesho hayatoki. Maji yaliyofuliwa nguo hayamwagwi, yanasubiri kazi ya chooni. Nguo karibu zote ni za mtumba. Simu ya mmoja imebadilishwa kioo mara mbili Kariakoo na itabadilishwa tena. Kitabu kimoja cha rejea kimetolewa fotokopi mara nyingi kiasi kwamba picha zake zimekuwa madoa meusi. Safari zote ni za daladala au za miguu, na bumu, yaani fedha za mkopo wa masomo, likichelewa, za miguu tu.

Mtanzania mmoja kwa wastani huzalisha takriban tani 0.2 za hewa ukaa kwa mwaka kutokana na nishati na viwanda. Mmarekani huzalisha karibu tani 14. Kijana wa chumba kile, bila kujaza hojaji yoyote, anaishi ndani ya mipaka ambayo mwenzake wa Boston anaandika tasnifu kuhusu namna ya kuifikia.

Lakini ni kosa kuugeuza uhaba kuwa fadhila. Yule kijana hatumii maji kidogo kwa sababu anayaonea huruma maji. Anayatumia kidogo kwa sababu bomba limekauka. Akipata kazi, jambo la kwanza atakalolitaka baada ya kuwajengea wazazi ni gari, pengine Toyota IST iliyotumika Japani, na hakuna mwenye haki ya kumlaumu. Chupa za plastiki anazonywea maji kwa kuwa hayaamini ya bomba zimejaa mitaro nje ya hosteli. Mtazamo wake kuhusu uendelevu utapimwa atakapokuwa na uwezo wa kuchagua. Kwa hiyo swali la maana kwa vyuo vyetu ni kama vinamwandaa kwa siku hiyo: kama mhandisi wa maji anahitimu akiwa amewahi kubuni mfumo wa kuvuna mvua kwa ajili ya hosteli aliyolala miaka minne, au anahitimu akiwa amebeba madumu tu.

Katika vyuo tajiri vya Marekani na Uingereza, wanafunzi walikuta silaha ya aina nyingine: fedha za chuo. Chuo kikuu cha Harvard kina mfuko wa uwekezaji wenye zaidi ya dola bilioni 40, na sehemu yake ilikuwa kwenye kampuni za mafuta, gesi na makaa ya mawe. Wanafunzi walianza kudai fedha hizo ziondolewe. Waliandika, wakakaa kwenye milango ya ofisi, wakakataliwa kwa miaka. Novemba 2019, katika mechi ya jadi ya mpira wa Kimarekani kati ya Harvard na Yale, wanafunzi wa vyuo vyote viwili waliingia katikati ya uwanja wakati wa mapumziko na kukaa chini. Mchezo ulichelewa na makumi yao wakakamatwa. Septemba 2021 chuo kilitangaza kwamba hakitawekeza tena moja kwa moja kwenye kampuni za nishati hizo. Glasgow ilikuwa imetangulia barani Ulaya mwaka 2014, na Cambridge ikatangaza mpango wake mwaka 2020. Mkakati huu hauwezi kuhamishwa tu na kupandikizwa Makerere au Dodoma, maana huko hakuna bilioni 40 za kuhamisha. Wanafunzi walipigana kwa kile walichokikuta mkononi.

Waspania walidai somo. Novemba 2022 wanafunzi waliteka jengo la Chuo Kikuu cha Barcelona kwa siku saba. Walitoka baada ya uongozi kukubali kwamba kila mwanafunzi, awe wa sanaa au wa udaktari, atasoma kozi ya lazima kuhusu mgogoro wa tabianchi. Inapendeza kuiweka habari hiyo kando ya ile ya India. Huko mahakama iliwatangulia wanafunzi: kutokana na shauri lililofunguliwa na mwanasheria M. C. Mehta, Mahakama ya Juu iliagiza mwaka 1991, na ikasisitiza tena mwaka 2003, kwamba elimu ya mazingira ifundishwe katika ngazi zote, na tume ya vyuo vikuu ikatunga kozi ya lazima kwa wanaosomea shahada ya kwanza. Wahadhiri wengi wa India wamelalamika kwamba kozi hiyo husomwa ili kupita mtihani, kisha husahaulika. Yeyote aliyewahi kufundisha somo la lazima lisilo la fani ya mwanafunzi analijua tatizo hilo. Somo walilolilipia wenyewe kwa kulala sakafuni siku saba lina nafasi nzuri zaidi ya kusikilizwa.

Afrika Mashariki ina historia yake katika jambo hili, na haikuanza na mitandao ya kijamii. Wangari Maathai alikuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu, alipoanzisha mwaka 1977 harakati za upandaji miti za Green Belt. Januari 1999, alipokwenda kupanda miti katika msitu wa Karura uliokuwa umegawiwa kwa siri kwa watu wenye majina, alipigwa hadi akatoka damu kichwani. Wanafunzi wa Nairobi waliingia barabarani kwa ajili ya msitu huo na wakapambana na polisi kwa siku kadhaa. Mwezi Agosti mwaka huo, Rais Daniel arap Moi alitangaza kusitisha ugawaji wa ardhi ya umma. Leo Karura ni mahali ambapo wakazi wa Nairobi hukimbia asubuhi na watoto huendesha baiskeli.

Tazama walichokuwa wakikitetea wanafunzi wale. Ulikuwa msitu, ndiyo, lakini ulikuwa pia msitu wa umma ulioibwa. Kwa vijana wengi wa Afrika Mashariki uharibifu wa mazingira hauji peke yake. Huja ukiwa umeshikana mkono na rushwa na dhuluma ya ardhi. Vanessa Nakate, aliyesomea biashara Makerere kabla ya kuanza kusimama na bango kwenye mitaa ya Kampala mwaka 2019, amekuwa akilirudia jambo hilo kwa lugha yake mwenyewe. Januari 2020 huko Davos alipigwa picha na wanaharakati wenzake wanne wazungu, na shirika la habari lililoisambaza lilimkata akabaki nje. Kilio chake baada ya hapo hakikuwa cha kukosa umaarufu. Alisema kwamba bara linalochangia kidogo kabisa kwenye uchafuzi ndilo linalofutwa kwenye picha.

Hakuna mahali ambapo wanachuo wamekwenda mbali kwa njia hii ya haki kuliko katika visiwa vya Pasifiki.

University of the South Pacific ni chuo cha aina yake. Kinamilikiwa kwa pamoja na nchi 12 za visiwa, na matawi yake yametapakaa juu ya eneo kubwa mno la bahari. Kitivo cha sheria kipo Port Vila, mji mkuu wa Vanuatu, nchi ambayo mwaka 2015 ilipigwa na kimbunga Pam kilichobomoa makazi mengi. Mwaka 2019, katika darasa la sheria ya kimataifa ya mazingira, wanafunzi 27 kutoka nchi mbalimbali za Pasifiki walijiuliza: sheria ya kimataifa, hii tunayoikariri, inaweza kutufaa nini sisi ambao visiwa vyetu vinaliwa na bahari? Waliorodhesha njia mbalimbali, wakazijadili, wakachagua iliyokuwa ngumu kuliko zote. Waliamua kuzishawishi serikali ziiombe Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyoko The Hague, itoe maoni ya ushauri kuhusu wajibu wa nchi mbele ya mabadiliko ya tabianchi.

Walianza kwa barua. Waliziandikia serikali za visiwa. Serikali ya Vanuatu ikawasikiliza na kulibeba suala hilo kuwa lake. Wanafunzi waliunda chama, wakaongozwa na Cynthia Houniuhi wa Visiwa vya Solomon. Vishal Prasad wa Fiji akawa mojawapo ya sauti zake kubwa. Vijana wa mabara mengine, Afrika ikiwemo, wakajiunga. Janga la korona lilipofunga mipaka waliendelea kwa mikutano ya mtandaoni, huku kila nchi ikiwa na saa yake.

Mwanzoni mwa Machi 2023, vimbunga viwili, Judy na Kevin, viliipiga Vanuatu ndani ya juma moja. Tarehe 29 mwezi huo huo, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likapitisha ombi lao bila kupingwa, likiwa limeungwa mkono na nchi zaidi ya 130. Desemba 2024 Mahakama ilisikiliza hoja za nchi 96 na mashirika 11 ya kimataifa. Houniuhi, aliyekuwa mwanafunzi alipoanza, alisimama mbele ya majaji akiwa amejipamba kwa mavazi ya kwao na kueleza maana ya ardhi kwa watu wake.

Tarehe 23 Julai 2025 Rais wa Mahakama, Iwasawa Yuji, alisoma maoni hayo. Majaji wote walikubaliana. Mahakama ilisema kwamba mazingira safi na salama ni haki ya binadamu, kwamba nchi zina wajibu wa kisheria wa kulinda tabianchi, na kwamba nchi inayokiuka wajibu huo inaweza kutakiwa kufidia madhara. Maoni ya ushauri hayana nguvu ya hukumu; hayampeleki mtu jela wala hayalipishi faini kesho asubuhi. Lakini wakili yeyote, katika mahakama yoyote duniani, sasa anaweza kuyaweka mezani, na mengi yataanza hapo.

Kwa nini wao? Wanafunzi wa sheria wamejaa dunia nzima, na wengi wanajua zaidi sayansi ya tabianchi kuliko walivyojua wale 27 siku ya kwanza. Jibu mojawapo ni hofu iliyo karibu, ile ya Tacloban. Jingine ni jinsi watu wa visiwa vile wanavyoielewa ardhi: si mali ya mtu, ni ukoo, na kaburi la babu likiingia baharini ukoo umepoteza shahidi wake. Na jingine ni dogo lakini halipaswi kupuuzwa, nalo ni darasa. Mwalimu wao, Justin Rose, aliwapa kazi yenye swali la kweli, wakalichukua wakatoka nalo nje ya mlango. Vyuo vingi, vya Ulaya na vya kwetu, huwafundisha vijana mazingira kama orodha ya mikataba na tarehe za mikutano. Mwanafunzi hupata alama A, na haoni mahali popote ambapo mkono wake ungeweza kugusa jambo lenyewe.

Kazi ile sasa imefika jirani. Mei 2025, chama cha mawakili wa Afrika, PALU, kwa kushirikiana na asasi kadhaa za mazingira na za vijana, kiliwasilisha ombi mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha. Kinaiomba ieleze wajibu wa nchi za Afrika kwa wananchi wao katika tabianchi inayobadilika. Mahakama hiyo iko mwendo wa basi tu kutoka Moshi, na mwanafunzi wa sheria wa Dar es Salaam au Nairobi anaweza kufika hapo kwa siku moja.

Miongoni mwa vifungu vitakavyotazamwa ni cha 24 cha Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa Nairobi mwaka 1981. Kifungu hicho kinawapa watu wote haki ya kuwa na mazingira ya kuridhisha yanayofaa kwa maendeleo yao. Mazingira na maendeleo yamewekwa ndani ya sentensi moja, na wala kifungu hakisemi lipi litangulie yanapogongana. Vijana wa Kampala wanabishana juu ya hilo hilo, na majaji wa Arusha wataombwa walisemee kwa lugha ya sheria.